Picha Isiyo na Uso

"Hilo fundo nalijua!"

Kelele ile niliyowaachia wiki iliyopita haikutoka kwa mlevi. Ilitoka kwa Kamba, mvuta kamba wa shimo la Bwana Pole, mwanamume ambaye hata ukimkanyaga mguu anaomba radhi yeye. Alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, kidole kimeelekea ukutani, macho yamemtoka.

Na ukutani, kwa wewe ambaye gazeti lako la wiki iliyopita lilifungiwa misumari dukani, palikuwa na picha. Mikono miwili inafunga gunia la mawe ya dhahabu. Uso umekatwa, jina hakuna. Chini ya mikono, maneno makubwa:

"Shimo lilipoporomoka niliwasikia wakigonga kutoka chini. Wanagonga, wananyamaza, wanagonga tena. Amri ikatoka: fukieni."

Picha ile aliiweka mwanangu. Binti yangu wa kwanza, mtafiti wa shirika la haki za binadamu, mtoto niliyemsomesha kwa kuponda mawe mpaka kucha zikaisha. Alikuwa amezunguka machimbo yetu na kinasa sauti chake, akiuliza nani anaumia, nani anafukuzwa bila haki yake, nani anashika zebaki kwa mikono mitupu. Siku ile shirika lilikuja kutusomea lilichokikuta.

"Hakuna atakayejulikana, mama," aliniapia asubuhi yake. "Majina tumeyaficha, sura tumezikata."

Sura alizikata kweli. Fundo akaliacha.

Mzazi mwenzangu, ngoja nikwambie jambo ambalo chuoni hawalifundishi. Machimboni magunia yote yanafanana na mawe yote yanafanana. Gunia lako likilala ghalani na magunia ya watu, utajuaje kesho kuwa ni lako na halijafunguliwa? Kwa fundo. Kila nyumba ina fundo lake, mama humfundisha mwana, na kuiga fundo la mwenzako ni sawa na kulala kitanda chake. Ukimwonyesha mchimbaji fundo, umeshamwonyesha uso.

Fundo la pale ukutani lilikuwa la nyumba yetu. Alitufundisha mama yetu, mimi na mdogo wangu, basi, hakuna mwingine.

Na mkia wa kamba ulikuwa umelala kushoto.

Mimi mkia wangu hulala kulia. Mdogo wangu ndiye anayetumia mkono wa kushoto. Na mdogo wangu ndiye anayefunga magunia pale mdomoni mwa shimo la Bwana Pole!

Nikamtazama Kamba. Alikuwa ameshakaa, amejiziba mdomo kwa kiganja kama mtu aliyemeza nzi. Lakini neno si kuku, huwezi kuliita likarudi bandani.

"Fundo la nani?" mtu akauliza huko nyuma.

"La wale dada wawili!"

"Yupi sasa?"

"Zima!" nikampigia kelele mwanangu. "Zima hiyo mashine!"

Akaizima. Ukuta ukawa mweupe. Na katika kimya kile tukasikia kitu kinatiririka.

Alikuwa Mama Chai, muuza chai wa machimboni, walimwita aje kuwahudumia wageni. Alikuwa anammiminia mkubwa wa shirika, na kikombe kilikuwa kimejaa zamani, naye bado anamimina. Chai inajaa mezani, inashukia viatu vya mgeni. Macho yake yako pale pale ukutani.

"Mama, inatosha," mgeni akasema. "Mama! Naungua!"

Hakusikia. Mama Chai ana wana wawili wachimbaji. Siku shimo lilipofungwa, Bwana Pole alituambia sote kuwa hewa imechafuka chini, na akamwambia yeye kuwa wanawe wamehamia machimbo mapya, ng'ambo huko, hakuna mtandao. Mama Chai akaamini. Kila jioni anajaribu simu zao, anaambiwa hazipatikani, anasonya. "Watoto hawa! Hata salamu!"

Sasa alikuwa ameshika chupa ya chai iliyokwisha kumwagika yote, na mkono bado umeinama.

Hapo ndipo Bwana Pole aliposimama.

Hilo jina tumempa sisi, na kalipenda mwenyewe. Hakosi msibani. Ukifiwa, anayefika wa kwanza ni yeye, anavua kofia, anakushika mkono, anasema pole kwa sauti ile laini mpaka unamwonea huruma yeye. Kofia yake haivui popote isipokuwa msibani. Hata ofisini, hata mbele ya wakubwa, iko kichwani.

"Hongereni watafiti," akasema, kofia kichwani. "Kazi nzuri. Picha nzuri hasa." Kisha akageuka, akanitazama mimi. "Poleni kwa uchovu."

Akatoka. Kamba akamfuata, kichwa chini.

*

Nilimburuta mwanangu mpaka nyumbani kama mtoto wa chekechea.

"Mama, pole pole, unaniumiza."

"Neno hilo usilitaje mbele yangu leo!"

Tukaingia. Nyumba yetu ni vyumba viwili na pazia katikati. Nyundo yangu ya kupondea mawe nyuma ya mlango, begi lake la kompyuta juu ya meza. Nikafunga mlango kwa komeo.

"Ulimhoji mama yako mdogo?"

"Mama, siruhusiwi kusema nimemhoji nani."

"Huruhusiwi! Na mimi nilikuzaa kwa ruhusa ya nani?"

"Si hivyo, mama..."

"Nakuuliza jambo dogo. Ndiyo au siyo?"

Akaketi, akakandakanda macho. "Nikisema siyo kwa huyu, na siyo kwa yule, mwisho atakayebaki atajulikana. Ndiyo maana hatusemi ndiyo wala siyo. Kwa mtu yeyote."

"Hata kwa mama yako?"

"Hata kwa mama."

Jamani! Mtoto unamnyonyesha, unampeleka shule, anarudi na mdomo umefungwa kwa kufuli, ufunguo ameacha ofisini. Lakini mimi ile kukataa kwake niliielewa kuwa ndiyo. Nikasema moyoni: basi, mdogo wangu ameongea. Mropokaji yule, tangu utoto hakai na neno.

"Mpigie simu," nikamwambia. "Mwambie asirudi kwake. Apitie njia ya nyuma, aje hapa."

Akapiga. Hata simu hajaishusha sikioni, mlangoni pakagongwa.

"Hodi wenyewe."

Sauti laini. Unaijua.

Nikafungua, ningefanya nini? Bwana Pole akaingia, akaketi bila kukaribishwa, kofia kichwani. Nyuma yake Kamba, amekumbatia gunia lililojaa nusu na kipande cha kamba juu yake. Kamba hakunitazama. Aliweka gunia sakafuni taratibu kama analaza mtoto.

"Mama Mtafiti," Bwana Pole akasema, "macho yangu yamezeeka. Leo nimeona fundo zuri sana, nikatamani kuliona kwa karibu. Nifungie na mimi."

Mwanangu akasimama. "Mzee, hii maana yake nini?"

"Ni gunia, binti. Au shirika lenu linakataza magunia?"

"Mama, usifunge. Huna lazima ya kufunga kitu."

"Kweli, hana lazima," Bwana Pole akakubali. "Akichoka, nitampelekea mdogo wake. Nyinyi ni wawili tu, au siyo?"

Hapo nikaelewa mtego wote. Nikifunga kama ninavyofunga siku zote, mkia ukalala kulia, nimemtaja mdogo wangu kwa mikono yangu mwenyewe. Nikikataa, nimemtaja vilevile. Ilibaki njia moja.

"Lete kamba," nikasema.

"Mama!" mwanangu akalia. "Mama, usifanye hivyo, hujui..."

"Nyamaza. Umeshaongea vya kutosha ukutani."

Nikapiga goti. Nikaanza kwa mkono wa kushoto.

Mkono ule haujawahi kufunga gunia tangu nizaliwe. Ulikuwa kama mgeni jikoni kwa mtu, hajui chumvi iko wapi. Kamba ikateleza, nikairudisha. Jasho likanidondokea kwenye vidole. Nikamwita mama yangu kaburini: nishike mkono. Nikazungusha, nikapitisha chini, nikavuta, nikauficha mkia.

Ukalala kushoto.

Bwana Pole akainama, akaupapasa kwa kidole kimoja.

"Kumbe ni wewe," akasema, kama mtu aliyemkuta rafiki wa zamani. "Siku ile niliwaambia wanawake wote mwende nyumbani. Kumbe mmoja alibaki."

"Nilisahau nyundo yangu nikairudia." Uongo ukanitoka wenyewe, mtamu, hata nikaushangaa.

Kamba alikuwa anatazama dari. Yeye hufanya kazi bega kwa bega na mdogo wangu, magunia yake anayavuta kila siku. Fundo lile la kutetemeka alijua kabisa si lake. Lakini alitazama dari tu.

"Sasa sikiliza, mama," Bwana Pole akasema. "Kesho asubuhi nitawaita watu wote pale mdomoni mwa shimo. Utasimama. Utasema ulisikia vibaya, ilikuwa pampu ya maji inagonga. Mtu mzima hukosea, hakuna atakayekucheka. Binti naye atasimama kando yako aseme shirika limeteleza. Yatakuwa yameisha."

"Na nisiposema?"

"Mimi simtishi mtu. Waulize wote." Akanyanyuka, akajipangusa suruali. "Kazi yangu mimi ni kutoa pole. Ila wewe, kwa heshima yako, nakupa mapema. Pole sana, Mama Mtafiti."

Akatoka. Kamba akatoka nyuma yake. Gunia likabaki sakafuni na fundo langu la uongo.

*

Hata sijainuka pale chini, mlango wa nyuma ukasukumwa, na huyo mdogo wangu, anacheka!

"Dada! Njiani naambiwa mimi ni nyota wa ukutani! Eti mikono yangu ilionekana mikubwa kama milango! Mbona hamkunialika nikajione?"

"Unacheka?" nikasema. "Nimetoka kujitia kitanzi kwa ajili yako, nawe unacheka?"

Kicheko kikakatika. Nikamweleza yote, picha, maneno, gunia, kesho asubuhi. Akawa ananitazama mdomo wazi.

"Dada, maneno gani hayo?"

"Uliyoyasema."

"Nimesema mimi? Kwa nani? Mimi sijahojiwa!"

"Usinifiche, mwenzio nimeshabeba."

"Nikufiche nini? Siku ile si tulifukuzwa wanawake wote hata vumbi halijatulia? Mimi nilikwenda moja kwa moja kufua, muulize jirani, niliazima beseni kwake na mpaka leo ananidai beseni lake. Nimesikia kugonga gani mimi?" Akamgeukia mwanangu. "Mtoto huyu alinikuta nafunga gunia, akasema, mama mdogo, mikono yako mizuri, tulia hivyo hivyo. Nikatulia. Nikadhani ni picha ya kumbukumbu!"

Sasa sote wawili tukamtazama mtafiti wetu.

Alikuwa ameteleza ukutani mpaka chini, ameketi sakafuni, magoti kifuani.

"Picha na maneno havihusiani," akasema polepole. "Ofisini waliona ukurasa umejaa maneno matupu. Wakasema tafuta picha ya kupambia."

"Ya kupambia!" mdogo wangu akapiga makofi.

"Sikutaka kuweka picha ya aliyesema, ili asijulikane. Ndiyo nikachagua ya mtu ambaye hakusema kitu chochote. Niliona ndiyo salama."

Umeona, mzazi mwenzangu? Umeona elimu inavyoweza kumpofusha mtoto mwema? Alimficha msemaji vizuri mno, kisha maneno yake akamkabidhi mtu mwingine. Kwao ofisini picha ni pambo. Kwetu sisi, maneno yakikaa chini ya mikono, ni ya mwenye mikono. Nani atafikiri vinginevyo? Hata mimi mama yake sikufikiri.

"Umenivalisha shati la mtu aliyemchokoza simba," mdogo wangu akasema, "na simba yuko nje hapo."

"Najua, mama mdogo."

"Hujui! Ungejua ungelia kwa sauti!"

"Basi tutajie," nikasema. "Mwenye maneno ni nani? Mtaje, kila mtu abebe mzigo wake."

Akatikisa kichwa.

"Mwanangu, mimi kesho nasimama mbele ya watu nikane kitu ambacho sikukisikia. Nikikana, watu waliozikwa hai wamekuwa pampu ya maji. Nisipokana, pole nimeshapewa. Na wewe bado unamfichia mtu siri?"

"Kabla hajafungua mdomo aliniuliza swali moja," akasema. "Aliniuliza: utaniuza? Nikaapa sitamuuza. Nikaapa kwa jina lako, mama. Sasa uniambie mwenyewe. Nimuuze nani?"

Nikalitazama fundo langu pale sakafuni.

"Kesho nitasimama mimi," mwanangu akaendelea. "Nitasema picha ni kosa langu, wenye mikono hawajui kitu."

"Halafu akuulize, basi aliyesikia ni nani?"

"Nitanyamaza."

"Utanyamaza mbele ya Bwana Pole? Mpaka lini? Waliomshinda kunyamaza wako chini ya kifusi!"

Nilikuwa nimeinua sauti. Ndiyo maana sikusikia mlango wa mbele. Nilipogeuka, Mama Chai alikuwa ameshaingia.

Hakupiga hodi. Chupa ya chai bado iko mkononi, haina kitu. Aproni yake imelowa mbele. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye gunia, akalitazama fundo, kisha akanitazama mimi.

"Njiani wanasema umekubali," akasema. "Mbele yake mwenyewe. Umefunga."

"Mama Chai, kaa kwanza..."

"Sikai. Sikuja kugombana, wala sikuja kukuuliza kwa nini ulinificha. Ningekuwa wewe ningeogopa vilevile. Nina swali moja tu, nikijibiwa naenda zangu."

Nikajua swali linakuja, na nikajua sina jibu lake. Nilitamani ardhi inipokee.

"Waligonga mpaka lini?"

Wasomaji wangu, nimeponda mawe maisha yangu yote, sijakutana na jiwe kama swali lile. Mwanamke mwenzangu, tumechota maji pamoja, tumeuguziana watoto, anasimama sebuleni kwangu ananiuliza wanawe walichukua muda gani kufa. Na mimi, kwa fundo langu la hila, nimejifanya ndiye ninayejua!

Nikafanya kosa la huruma.

"Muda mfupi," nikasema. "Muda mfupi tu, ndugu yangu. Kisha kimya."

Akanitazama sana.

"Usinidanganye," akasema, wala hakupandisha sauti. "Mdogo, sawa, mdogo hukata tamaa upesi, tangu akiwa mtoto. Lakini mkubwa namjua. Mkubwa hawezi kuacha kitu. Mwenzake alipovunjika mguu alimbeba mgongoni kutoka kisimani, njia nzima anamwimbia. Asingeacha upesi. Niambie kweli. Waligonga mpaka lini?"

Nikamtazama mwanangu. Machozi yalikuwa yanamshuka, ameuma mdomo wa chini mpaka umekuwa mweupe. Yeye alijua! Jibu alikuwa nalo ndani ya kinasa sauti chake, ndani ya begi, pale mezani. Nikaona midomo yake inaachana.

Lakini aliyejibu hakuwa yeye.

"Mpaka alasiri."

Sauti ilitoka mlangoni. Kamba! Amesimama kizingitini, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango.

"Nimetumwa gunia," akasema, kana kwamba ndilo tulilomuuliza. Halafu akashikilia fremu kwa mikono yote miwili. "Mmoja aliacha mapema, mama. Mwingine aliendelea. Mpaka alasiri."

Mwanangu alijiziba uso. Sikuhitaji kuuliza tena. Ndiye! Na ile kelele yake ukumbini sasa nikaielewa: mtu aliona maneno yake mwenyewe yameandikwa ukutani, makubwa, mbele ya Bwana Pole, akapagawa, akanyoosha kidole kwenye kitu cha kwanza alichokiona ambacho si yeye. Mikono ya mdogo wangu.

"Mwoga wewe!" mdogo wangu akamrukia. "Mchana mzima navuta vumbi na wewe, unanitupia mimi?"

"Mwache," Mama Chai akasema. "Mwache aseme. Ulisikiaje?"

"Sikusikia kwa masikio tu." Kamba akafungua viganja vyake, akavitazama. "Kamba yangu ilikuwa imebaki chini, imebanwa na kifusi. Mimi nimeishika juu. Ikawa inatikisika. Waliishika kule chini, mama. Walikuwa wananivuta mimi." Akavifumba. "Hili hata binti sikumwambia. Nikaambiwa niikate."

"Ukaikata," Mama Chai akasema.

"Nikaikata."

Mdogo wangu alirudi nyuma mpaka akagonga meza. Mimi nilikuwa bado niko chini kando ya gunia, na ghafla fundo lile sikutaka hata linikaribie.

Mama Chai aliweka chupa yake sakafuni, taratibu. Akasogea. Nilidhani atampiga, na nani angemzuia? Badala yake akaishika mikono ya Kamba, akaigeuza viganja juu, akaipapasa kwa vidole gumba, kana kwamba anatafuta kitu ambacho wanawe waliacha humo. Kamba akalia kama mtoto.

"Mama," mwanangu aliniambia kwa mnong'ono. "Mama, lazima tumtoe hapa huyu. Sasa hivi. Kwa mlango wa nyuma."

"Kwanza, nani kakuleta?" nikamuuliza Kamba. "Kamba! Umekuja peke yako?"

Aligeuza shingo tu, kuelekea nje.

"Kamba," sauti laini ikaita kutoka nje, karibu, karibu mno. "Gunia moja linakuchukua muda wote huo?"

Viatu vikapanda kizingiti. Bwana Pole akaingia, akapita katikati yetu, akamtazama Mama Chai, akaitazama mikono aliyokuwa ameishika, akamtazama Kamba usoni.

Akausukuma mlango nyuma yake, taratibu, mpaka ukafunga.

Akavua kofia.